Kupoza Kompyuta kwa Maji Kusiwe Anasa

Askari hufundishwa tangu siku zake za mwanzo mafunzoni kwamba silaha aliyopewa ni mali ya Taifa, na kwamba anayeiacha iharibike kwa uzembe amemwibia mwananchi aliyeilipia. Siku hizi kompyuta nayo ni silaha katika ofisi zetu, katika karakana za mawasiliano na katika vituo vya polisi. Ndani yake mna orodha za mishahara, majalada ya kesi, picha za watuhumiwa, na majina ya wajane na mayatima wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Kwa hiyo hatuna budi kuitazama kwa jicho lile lile tunaloitazamia bunduki.

Leo twapenda kulizungumzia jambo ambalo limeanza kuzua mabishano katika kambi zetu, nalo ni kupoza kompyuta kwa maji. Vijana wapendao ufundi huona kwamba mashine isiyopozwa kwa maji si mashine ya kisasa. Wakubwa wengine, kwa upande wao, wakisikia maji na umeme vikitajwa pamoja hukunja uso na kusema kuwa hiyo ni michezo ya watoto. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimekosea, kwa sababu zote zinabishana juu ya maji bila ya kuuliza kwanza habari ya joto na habari ya shilingi.

Tutoe kisa kimoja tulichokishuhudia wenyewe. Tulifika katika ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, tukakuta kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na mtambo wake wa maji kutoka dukani, pamoja na taa za rangi tatu zikimeremeta ubavuni. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua na kutunza orodha ya warithi wa askari waliofariki. Pampu yake ilikuwa imekufa. Mashine ilikuwa ikiwaka kwa muda wa dakika chache, ikipata joto, kisha ikijizima ili isiungue. Kwa sababu hapakuwa na nakala ya orodha ile mahali pengine, kazi yote ilisimama. Mama mmoja, mjane wa sajini, alikuwa amesafiri mara mbili kutoka mbali kufuata karatasi zake, na mara zote mbili aliambiwa, "Mama, rudi wiki ijayo, mashine ni mbovu."

Aliyeitengeneza mashine ile alikuwa koplo kijana wa karakana ya mawasiliano. Aliung'oa mtambo wa maji wote, akachukua kipoza joto cha kawaida chenye feni kutoka katika kompyuta kuukuu iliyokwisha tupwa, akakisafisha, akakifunga. Kazi yote haikufika saa moja. Tulipomwuliza kwa nini hakuomba pampu mpya, alijibu, "Afande, mashine hii haina kazi nzito. Feni inatosha." Tulishangaa baadaye kusikia kwamba koplo huyo huyo, nyumbani kwake, amejijengea kwa mikono yake kompyuta inayopozwa kwa maji, tena kwa vipuri vya gari. Yule ayajuaye maji kuliko wote ndiye aliyekataa kuyatumia pasipohitajika. Funzo letu la leo limo katika jibu la koplo huyo.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kupoza chombo kwa maji si jambo geni kwa askari. Bunduki ya rashasha aina ya Maxim, ambayo babu zetu wa Keya waliibeba katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, mtutu wake ulizungukwa na gamba lililojazwa maji. Vickers, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1912, ilichukua maji yapatayo lita 4. Na ilipopigwa mfululizo maji yalichemka, mvuke ukapitishwa katika mpira hadi kwenye debe lenye maji ili ugeuke kuwa maji tena na usimwonyeshe adui mahali bunduki ilipo. Kadhalika kila dereva wa lori la jeshi anajua kazi ya rejeta, na anajua adhabu ya kusahau kuikagua kabla ya kupanda mlima.

Kompyuta nayo hufuata sheria ile ile. Umeme wote unaoingia katika prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, hutoka ukiwa joto. Prosesa ya 486 ya kampuni ya Intel, iliyotoka mwaka 1989, ilitumia wati chache tu, na nyingi zilifanya kazi bila ya feni. Lakini Core i9-13900K ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2022, huweza kutumia hadi wati 253. Na kadi ya picha ya RTX 4090 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka mwaka huo huo, imepimwa kwa wati 450. Hiyo ni pasi ya nguo mbovu iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati. Prosesa kama hiyo ikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza mwendo wake yenyewe, na joto likizidi hujizima.

Maji yanapendwa kwa sababu yana uwezo mkubwa wa kubeba joto. Lita moja ya maji, ikipanda joto kwa kiasi kile kile, hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa. Ndiyo sababu kampuni ya IBM ilitumia maji kupoza mtambo wake mkubwa wa 3081, uliotangazwa mwaka 1980. Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea. Maji hayaliui joto. Yanalihamisha tu kutoka katika prosesa na kulifikisha kwenye rejeta, na kule ni hewa ile ile inayolichukua. Kwa hiyo rejeta haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa ya chumbani. Mtu aliyeko Moroto katika chumba kisicho na dirisha, mchana wa jua kali, hata anunue mtambo wa bei gani, maji yake hayatakuwa baridi kuliko chumba chake.

Basi swali la kwanza ambalo kamanda, mhasibu au mkuu wa kituo anapaswa kuuliza ni hili: je, mashine hii inahitaji maji? Kabla ya kujibu, afungue sanduku lake. Katika kambi zetu nyingi atakuta vumbi jekundu la murram limeziba feni na mapezi ya kipoza joto kama blanketi. Aliondoe kwa brashi laini na hewa, huku umeme umezimwa. Kisha aondoe ile pasta iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto, apake mpya kwa kiasi kidogo. Mashine nyingi zitapona hapo hapo. Zile zisizopona, azitafutie kipoza joto kirefu chenye mirija ya shaba. Ndani ya mirija hiyo, ambayo watu huiita ya hewa, mna maji kidogo yanayogeuka mvuke upande wa joto na kurudi kuwa maji upande wa baridi, bila ya pampu yoyote. Kifaa cha namna hiyo kinatosha kwa kazi nyingi za ofisi na zaidi, na hakina kitu cha kuvuja juu ya mashine.

Hata hivyo zipo kazi zinazostahili maji. Sisi tulio katika kazi ya uhusiano wa jeshi na umma tunayo mashine ya kutengenezea filamu za gwaride na mazoezi, ambayo hukokotoa picha kwa saa nyingi mfululizo, prosesa na kadi ya picha zikifanya kazi kwa nguvu zote. Mashine hiyo ilikuwa ikipunguza mwendo kila alasiri, na kelele za feni zake zilitushinda kusikilizana. Hapo tulimwita koplo wetu. Alichotufundisha kinaweza kuelezwa kwa maneno machache: kubana fedha si kununua kila kitu cha bei ya chini, bali ni kujua wapi pa kukaza mkono na wapi pa kuufungua.

Tuanze na pa kukaza mkono. Mapambo yote yaachwe: taa za rangi, mirija migumu ya kioo cha plastiki, na maji yenye rangi ambayo mara nyingi huacha utando ndani ya mifereji. Mpira laini wa plastiki, wa kipimo kinachobana sawasawa, unatosha, na ni rahisi kuukata kwa kisu kikali. Tangi la kifahari laweza kuachwa. Kiungio cha matawi matatu chenye mpira uliosimama wima na kufunikwa juu huweza kujazia maji na kutolea mapovu ya hewa.

Hata rejeta yaweza kupatikana kwa bei nafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wapenda ufundi wa Marekani na Ulaya, ambao hawakuwa na duka la kuwauzia vifaa hivi, walitumia pampu za matangi ya samaki na zile rejeta ndogo zinazopasha joto ndani ya magari; ile ya gari la Pontiac Bonneville la mwaka 1977 ilipata sifa kubwa miongoni mwao. Mjini Kampala vipuri vya magari yaliyokwisha vunjwa si adimu, na mafundi wa Katwe hawashindwi kulehemu kiungio cha shaba. Rejeta kuukuu isafishwe kwa maji ya moto na siki hadi maji yatoke meupe. Kisha izibwe upande mmoja, itumbukizwe katika beseni, ipulizwe hewa kidogo, na fundi atazame mapovu kama vile fundi wa baiskeli atafutavyo tundu katika mpira. Asitumie nguvu nyingi, asije akaipasua.

Kuhusu ukubwa wa rejeta, wazoefu hukadiria kwamba kila eneo linalotosha feni moja ya milimita 120 huondoa wati 100 hivi kwa utulivu, maji yakiwa na joto la nyuzi 10 hivi zaidi ya chumba. Mwenye kutoa wati 300 basi atafute nafasi ya feni 3, wala asidanganywe na tangazo. Kampala iko katika kimo cha mita 1,200 hivi, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Kwa hiyo anayekosea, akosee kwa kuongeza.

Sasa pa kuufungua mkono. Kwanza ni pampu, maana pampu ikifa mtambo wote umekufa, kama tulivyoona kwa mjane wa sajini. Haihitaji kuwa na nguvu za ajabu. Maji yakipita kwa lita 4 kila dakika juu ya prosesa inayotoa wati 280, hupanda joto kwa nyuzi 1 tu. Kuzidisha mwendo wa maji hakuleti faida kubwa. Kinachotakiwa ni pampu ya kuaminika, ya volti 12, inayopata umeme kutoka katika kompyuta yenyewe ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Pampu ya tangi la samaki inayochomekwa ukutani huweza kusahauliwa, tena huleta volti 240 karibu na maji. Tangi, au mpira wa kujazia, ukae juu ya pampu na kuielekea, ili pampu isizunguke kavu.

Pili ni kile kipande cha shaba chenye mifereji myembamba kinachokaa juu ya prosesa. Uso wake lazima uwe bapa na laini, na hicho hakichongwi kwa tupa. Tatu ni vibano vya mipira. Kila kiungio kiwe na kibano chake, hata kama mpira unaonekana umebana wenyewe. Nne ni madini. Shaba na alumini zikikutana katika maji yale yale huwa kama betri, na alumini huliwa polepole hadi itoboke. Rejeta za magari ya siku hizi aghalabu ni za alumini, kwa hiyo fundi aikwaruze na kuitambua kabla ya kulipa. Kama kipande cha prosesa ni cha shaba, rejeta nayo iwe ya shaba nyekundu au ya manjano.

Tano ni maji yenyewe. Kuchemsha maji ya bomba huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi zote, nayo maji ya mvua hubeba uchafu wa paa. Yatumike maji safi ya betri yauzwayo katika vituo vya petroli, na mnunuzi asome chupa kwa makini asije akauziwa asidi. Yachanganywe na dawa ya rejeta kiasi kidogo, sehemu moja kwa kumi hivi, ili kuzuia kutu na ukungu wa kijani. Dawa hiyo ni sumu, nayo yaweza kuwa na ladha tamu. Isiachwe mahali watoto au mbwa wa kikosi wanapoweza kuifikia. Wala mtu asijitie moyo kwamba maji safi hayapitishi umeme. Yakisha kupita katika vyuma na vumbi huupitisha, na maji yakimwagika hayazoleki.

Baada ya hayo yote kuna jambo moja lisilogharimu hata senti, nalo ndilo linalowashinda vijana wengi: subira. Mtambo ukikamilika usiwashwe na kompyuta. Pampu peke yake ipewe umeme, karatasi nyeupe zitandikwe chini ya kila kiungio, na maji yazunguke kwa saa 24. Karatasi ikilowa hata tone moja, kazi irudiwe na saa zihesabiwe upya. Koplo wetu alirudia mara mbili, na sisi tuliokuwa na haraka ya filamu tulinung'unika. Mara ya kwanza alikuta tone moja chini ya kiungio cha pampu, ambalo lingedondokea kadi ya picha yenye bei kuliko mtambo wote. Tulinyamaza. Hata kampuni kubwa haikusalimika na jambo hili: Apple iliuza mwaka 2004 kompyuta ya Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika, na baadhi yake zilikuja kuvuja baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mashine yetu sasa inakokotoa filamu mchana kutwa bila ya kupunguza mwendo, na tunasikilizana chumbani. Gharama yake haikufika nusu ya bei ya mtambo wa namna hiyo tulioonyeshwa dukani. Ubaoni pana karatasi yenye tarehe ya kujazwa maji, tarehe ya kukaguliwa vibano na tarehe ya kubadilisha maji, na kila tarehe ina sahihi, kama ilivyo katika daftari la ghala la silaha. Filamu zote zina nakala katika chombo kingine, kwa maana hakuna mtambo wa kupoza unaoweza kuwa badala ya nakala.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wakubwa wetu wa jeshi na wa polisi. La kwanza, mashine ya ofisi ya kuchapa barua na kutunza orodha isinunuliwe kamwe ikiwa na mtambo wa maji. Anayeidhinisha ununuzi huo aulizwe mashine hiyo ina kazi gani, na akishindwa kujibu, fedha ibaki katika kasha. La pili, pale kazi nzito inapohitaji maji kweli, mtambo ujengwe na fundi wa kikosi anayeweza kuufungua na kuufunga mwenyewe, ujaribiwe kwa saa 24, na uwe na daftari lake la ukaguzi. La tatu, kila karakana ya mawasiliano itenge kompyuta moja kuukuu, iliyokwisha ondolewa katika hesabu kwa utaratibu, vijana wajifunzie juu yake. Askari aliyepata kuona tone la maji juu ya mashine isiyo na thamani atajua namna ya kulizuia juu ya mashine yenye thamani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo mno kwa jeshi. Tunawaomba wakumbuke kwamba rashasha ya Keya haikunyamaza kwa kukosa risasi tu. Ilinyamaza pia kwa kukosa lita 4 za maji. Na yule mama aliyerudishwa mara mbili hakujua pampu ni nini wala prosesa ni nini. Alijua tu kwamba mumewe alilitumikia Taifa kwa uaminifu, na kwamba ofisi ya Taifa ilimwambia arudi wiki ijayo. Kumkinga mama mwingine asiambiwe maneno hayo kungegharimu feni moja ya kawaida, brashi ya kupangusia vumbi, na nakala ya orodha.